Mama Upawa Hajui Kuomba Radhi

12 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, kugomba baadaye, maana najua ukiuona mwandiko wangu tu unaziba masikio. Huku tunaendelea. Goti la kushoto bado linaniuma nikisimama sana, na kazi yangu mimi ni kusimama. Mpishi amepata mjukuu, kwa hiyo siku hizi kila sahani inatoka jikoni ikifuatana na habari za mtoto kuota jino. Paa la stoo limeacha kuvuja baada ya fundi kuja mara nne na kula mara nne. Wewe je? Unakula, au bado unashinda na chai kavu kama zamani?

Sasa nisikilize. Nimekiona kipindi chako. Mwanzoni nilikuwa nasikia tu kwa watu: mdogo wako yuko kwenye runinga, anachekesha, ni mama mwenye mgahawa anayewafokea wanafunzi. Nikafurahi. Nikawaambia, huyo ndiye mtoto wangu wa kwanza, mama yetu alifariki akamwacha na miaka saba, nikamlea mimi. Kisha nikakaa nikaangalia. Huyo Mama Upawa wako ni mimi. Kitambaa begani ni changu. Kugonga kaunta kwa upawa mara tatu kabla ya kufoka ni kwangu. Hata mguu unaouburuta ni wangu, na mimi siuburuti kwa kupenda. Sasa wanafunzi wakitoka shule wanajaa hapa, soda moja watu watano, kisha wanaangusha kijiko makusudi ili niwafokee. Nikiwafokea wanapiga makofi. Umenichukulia hasira zangu, siwezi tena kukasirika mahali pangu bila watu kucheka.

Hayo ningekuambia kwa simu. Nimepiga mara tatu kwa mwenye nyumba wako, kila mara naambiwa uko kazini. Lakini jambo la pili siwezi kulisema kwa simu, kwa sababu simu iko kaunta na kaunta ina masikio. Chiriku ameondoka. Leo ni siku ya kumi na tisa. Tuligombana kwa ajili ya sufuria ya supu. Aliiacha motoni akaenda kwa jirani kukuangalia wewe kwenye runinga, supu ikakauka, ikaungua, na watu wako mezani wanasubiri. Nilimfokea. Asubuhi yake nikakuta kitanda kimetandikwa na mkoba wa shule haupo.

Mwanangu ana miaka kumi na sita na mtihani uko mbele yake. Anakupenda wewe mama yake mdogo kuliko anavyonipenda mimi, hilo nalijua na silalamiki. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza. Umemwona? Amekuandikia? Nijibu upesi, nina roho juu.

Dada yako

9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa kujibu. Tulikuwa tunarekodi mfululizo, natoka nyumbani jua halijachomoza na nikirudi miguu inakataa ngazi. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani, sasa viatu vyangu vyote vina soli za kijani. Mpe mpishi hongera zangu, na pole kwa wateja wake.

Dada, sikucheki. Naomba unielewe hapo kabla ya mengine yote. Siku ya majaribio tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa anapiga kelele tu, wengine mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi nikafoka kama unavyofoka wewe, zile kelele ambazo zikiisha mtu anajikuta ana sahani iliyojaa mbele yake. Wakanichukua palepale. Mgahawa wenyewe ni wa mbao nyembamba, ukigusa mlango ukuta wote unatikisika. Supu ni maji ya rangi. Hao wanafunzi ninaowafokea ni watu wazima, mmoja ana watoto wawili. Na vile vicheko havitoki kwa mtu yeyote aliyepo, vilirekodiwa zamani, fundi sauti anavibandika baadaye mahali anapotaka.

Kuhusu Chiriku, moyo umeniuma sana. Nimeulizia ninapoweza kuulizia. Usijitese kwa mawazo mabaya. Yule ni mtoto mwenye akili zake, hawezi kukaa pabaya, na naamini anakula na analala chini ya paa. Mtu wa umri ule ukimkimbiza anazidi kukimbia. Mpe nafasi hasira zipoe. Kwani mlisemezana nini hasa siku ile? Supu tu haimtoi mtu kwao.

Mdogo wako anayekuwaza

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika Jumatatu nikiwa nakata vitunguu, ikawa vizuri, hakuna aliyeniuliza kwa nini nalia. Hali ya hapa ni ileile. Mpishi sasa ananitazama kama mgonjwa, ananiletea kiti kila dakika, mpaka nimemwambia akikileta tena nitamkalia yeye.

Nimekwenda hospitali zote mbili. Nimekwenda kituo cha mabasi nikawaonyesha makondakta picha yake ya shule. Nimekwenda kwa wenzake darasani, wanainamisha vichwa, wanaogopa nitawafokea. Mwalimu wake mkuu aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Niliinuka nikamwambia wateja wananisubiri.

Umeniuliza tulisemezana nini. Nilisema neno. Silirudii hapa, wala silirudii popote. Nilipomaliza kulisema nilimwona uso wake, nikajua nimesema neno ambalo halirudi mdomoni. Badala ya kumshika, nikageuka nikaanza kukwangua sufuria. Nilikwangua ile sufuria mpaka ikang'aa, na yeye amesimama nyuma yangu muda wote.

Sasa nina ombi, na kuomba kwangu unakujua kulivyo kugumu. Chiriku hajawahi kukosa kipindi chako hata kimoja. Popote alipo, Jumatano anaangalia. Basi mwambie huyo Mama Upawa aseme kitu. Siku moja tu. Amwambie mwanafunzi mmojawapo, nilikosea, rudi ukae, chakula chako kipo. Chiriku atajua ni mimi, maana hata wewe unajua ni mimi. Mambo ya kitambaa na mguu nimeyasamehe. Buruta mguu utakavyo.

Halafu jambo moja. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umesema unaamini anakula, unaamini analala, lakini hukusema kama umemwona au hukumwona. Labda ni haraka ya kuandika.

Dada yako

18 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kiti cha mpishi ukikubali mara mojamoja. Mimi nina afya, nimenenepa hata, maana nimeanza tena kupika nyumbani badala ya kula mabaki ya kazini. Mtu akipikia sufuria kubwa kidogo anapata moyo wa kula.

Ombi lako nililipeleka kwa mwongozaji. Nilimwambia kama wazo langu. Akanisikiliza vizuri, kalamu mdomoni, kisha akasema Mama Upawa hajui kuomba radhi. Siku atakapoomba radhi watazamaji watafunga runinga na sisi sote tutatafuta kazi nyingine. Nikarudi tena wiki iliyofuata, nikawaendea na waandishi wa kipindi. Wakanipa nusu ya nilichotaka: kutakuwa na kipindi cha msichana wa shule anayesaidia mgahawani, anaunguza sufuria, anafukuzwa na Mama Upawa, mwishoni anarudi. Atapokewa vipi, bado wanaandika. Kitarushwa tarehe saba mwezi ujao. Dada, hapo ndipo nitakapojitahidi. Hata kama maneno hayatakuwepo, nitaweka kwenye uso.

La Chiriku, sina jipya la kukuandikia. Ninachokuomba ni subira. Usiende tena kituoni na ile picha, watu watamzoea sura bure. Atarudi mwenyewe, na akirudi mwenyewe atakaa. Wewe lala, kula, na ukiweza usimtaje sana mbele ya wateja.

Nakuombea usingizi.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu leo, utanisamehe.

Jumatano nilikodi viti kumi na viwili. Nilimwambia jirani ailete runinga yake kwenye mgahawa wangu, nikaita wateja, nikaita mwalimu mkuu, nikamtoa mpishi jikoni. Niliwaambia ni kipindi maalumu. Nilivaa gauni langu la bluu, kama vile wewe ungeniona.

Msichana akaunguza sufuria. Mama Upawa akagonga kaunta mara tatu. Halafu ukasema: "Nilishalea mtoto mmoja, akanitosha. Wewe hata hukuombwa."

Watu wote walicheka. Kwenye runinga walicheka na humu ndani walicheka. Mpishi alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu mkuu aliziba mdomo kwa leso. Mimi niliendelea kusimama nyuma ya viti nikiwa na sinia la glasi, na sikumbuki kipindi kiliishaje. Wanasema msichana alirudi na ukampa fagio, wakacheka tena.

Maneno yale niliyasema jikoni, mlango umefungwa. Mpishi alikuwa sokoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na mwanangu. Sikukuandikia, sikumwambia jirani, hata kwenye sala nimeyazunguka. Kwa hiyo yuko kwako. Na kama alikuambia maneno hayo kabla hamjarekodi, basi yuko kwako kwa muda mrefu, na ulikuwa unaniandikia nisiende kituoni huku yeye yuko chumba cha pili.

Sikufokei. Natafuta hasira na sizioni zilipo. Ningepanda basi leo hii, lakini naogopa akinisikia mlangoni atatorokea dirishani. Nakuomba umwambie hivi tu: mama yako amejua ulipo, na hatakuja mpaka umwite. Achague mwenyewe. Na unijibu kwa barua ya haraka kama ni mzima.

Dada yako

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na zote nimezichana. Yako imenikuta hapa mezani, kalamu mkononi.

Alikuja siku ya tano baada ya kutoka hapo kwako. Alikuwa na mkoba wa shule na kopo la karanga. Alisema nikikuambia ataondoka aende kwa mtu nisiyemjua, na nilimwamini, maana anapokaza taya hivyo ni wewe mtupu. Nilijiambia ni wiki moja. Kisha ikawa wiki nyingine. Ulipoanza kuniandikia habari za hospitali nilikuwa nazificha barua zako chini ya godoro langu, asije akazisoma na ikanibidi kufanya linalopaswa. Angezisoma angerudi, Dada. Nilijua. Alikuwa anadhani humtafuti.

Nitakuambia ukweli wote sasa, kwa sababu sina cha kuokoa. Nilipenda awepo. Tangu nitoke kwako sijawahi kusikia mtu akiimba jikoni. Nilikuwa nikirudi nakuta taa inawaka na mtu ananiita mama mdogo.

Maneno yale aliniambia Jumapili moja tukiosha vyombo. Aliyasema polepole, akalia, akaendelea kusuuza. Nilimkumbatia. Lakini kuna kitu kingine kilinipita moyoni wakati namkumbatia, na hicho nimejaribu wiki zote hizi kukikana. Huyo mtoto mmoja aliyekutosha ni mimi. Nilipoyasikia nilifurahi. Mtoto analia kifuani kwangu na mimi nimefurahi, kama nina miaka saba.

Kwenye mazoezi kile kipande cha sufuria hakikuwa kinakwenda. Mwongozaji alitaka kitu cha kuchoma zaidi, alirudia na kurudia, tumechoka wote. Mdomo wangu ukafunguka maneno yakatoka. Chumba kizima kilicheka, waandishi wakaandika. Ningeweza kusema hapana, futeni hilo. Nilisema litabadilishwa baadaye, na sikufuatilia. Nilijidanganya kwamba nyinyi wawili mtaliona kama utani, kwamba likisemwa na Mama Upawa litapungua uzito.

Tulikiangalia pamoja, mimi na yeye, kwenye kochi. Hakulia. Alinigeukia akanitazama kidogo, halafu akakaa mpaka mwisho, mpaka majina yalipopita yote. Akasema asante kwa chakula. Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Ni siku ya nane leo. Sijui alipo, Dada. Kwa mara ya kwanza nakuandikia hivyo na ni kweli.

Nimemwambia mwongozaji sitarudi kwenye kile kipindi. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nifokee, nipige, nifukuze, lakini niache nikusaidie kumtafuta.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru hukuja ile Jumamosi. Natumaini ule ujumbe wangu wa simu, usije bado, mwenye nyumba wako aliufikisha kama nilivyousema. Nilishindwa kuongeza neno, kaunta ilikuwa imejaa. Sasa wamepungua, na hiki kiti cha mpishi nimekikubali, ndicho nilichokalia ninapoandika.

Alirudi. Ilikuwa siku ya kumi na mbili baada ya kipindi. Kwa siku hizo alikuwa kwa mwenzake mmoja wa shule, hasemi nani, na mimi sijamuuliza. Ilikuwa mchana, watu wanakula. Nilimwona amesimama nje ya mlango, upande wa jua, amekonda mikono. Sikumkimbilia. Nilikuwa na sahani mbili mkononi, nikazipeleka kwanza kwa wenyewe. Kisha nikatoka nje nikasimama mbele yake.

Hakuniamkia. Aliniuliza: "Mama, ile ilikuwa ya kuchekesha?"

Sikuelewa. Akasema watu wote walicheka, hata kule kwa mwenzake walikuwa wakiyarudia na kucheka, nyumba nzima, na yeye akaanza kufikiri labda siku ile jikoni ulikuwa utani na yeye ndiye hakuujua. Kwamba labda aliondoka kwao kwa jambo ambalo watu wenye akili wanalicheka. Alikuja kuuliza hilo tu. Mkoba ulikuwa begani bado.

Nilimwambia, "Haikuwa ya kuchekesha. Nilisema kwa kukusudia, nikakosea. Nilikuomba kwa Mungu miaka sita, mwanangu, na sikuwahi kukuambia kwa sababu kila siku kulikuwa na wateja."

Wanafunzi walikuwa kwenye meza ya dirishani, wananisikia. Hakuna aliyecheka. Chiriku akauliza kama kuna supu. Aliingia kwa mlango wa mbele kama mteja, akakaa meza ya pembeni, akala. Nilimhudumia. Tangu siku hiyo analala kitandani kwake, anakwenda shule, anazungumza kidogo. Haimbi. Mpishi ameacha hadithi za mjukuu akiwa karibu, nadhani anaona aibu ya kile kicheko.

Sasa yaliyo kati yetu mimi na wewe. Kazi usiiache. Mwache Mama Upawa awe mkali, mimi simtazami tena. Kuficha barua zangu nimekusamehe, au nitakusamehe, naona kuko njiani. Hata kufurahi kwako nakuelewa. Nilianza kukulea nikiwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na kitu kingine duniani, na ni kweli ulinitosha. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilimuumiza.

Juzi nilimwambia kwamba unataka kuja kutuona. Nilisema kwa njia ya kawaida, naweka mikate kwenye kapu. Baadaye nilipita chumbani kwake nikamkuta anakunja nguo zake, anaziweka kwenye mkoba moja moja, taratibu, kama mtu ambaye ameshazoea. Nilikaa kitandani nikamwambia mama mdogo haji. Akauliza, hata sikukuu? Nikasema hata sikukuu. Akazitoa nguo akazirudisha kabatini.

Kwa hiyo usije. Usimwandikie, usimtumie kitu, usipige simu jioni akiwa kaunta. Sijui ni kwa muda gani, inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mpaka awe na watoto wake. Nimelia kuandika hivi kuliko nilivyolia tulipomzika mama, maana siku ile nilikuwa na wewe mkononi. Lakini nina watoto wawili, na mmoja wao hajawahi hata siku moja kuchaguliwa kwanza.

Dada yako